Namna ya Kuanza Siku Ukiwa Umepumzika Katika Neema

Kabla ya kumwahidi Mungu lolote asubuhi, mshukuru kwanza kwa yale aliyokwisha kuyatenda katika Kristo. Mpangilio huu ndio unaofuatwa na Waraka kwa Waefeso: sura tatu za kwanza zinaeleza kazi ya Mungu, na humo ni shida kuona amri, isipokuwa ile inayowataka wasomaji wakumbuke walivyokuwa zamani, ilhali maagizo juu ya mwenendo yanaanza hasa katika sura ya nne. Zisome sura hizo tatu kwa sauti, polepole, hata kwa wiki nzima, bila kurukia maagizo.

Ukianguka, usijitenge na maombi kwa siku kadhaa kana kwamba huzuni yako italipa deni. Ungama dhambi yenyewe kwa kuitaja, kama 1 Yohana 1:9 inavyofundisha, kisha endelea na sala; na kama umemkosea mtu, nenda ukapatane naye. (Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa kuwa kujiadhibu huonekana unyenyekevu, kumbe mara nyingi ni kiburi kilichovaa gunia.)

Kupumzika si kukaa bure. Waefeso 2:8-9 inakanusha kwamba wokovu hutokana na matendo, lakini mstari wa 10 unasema tuliumbwa tutende mema. Kwa hiyo, ukigundua kwamba unashika huduma kanisani ili Mungu akupende zaidi, itue kidogo, urudi kwenye shukrani, ndipo uishike tena.