Kabla ya kushinda jahazini kujifunza kuendesha tanga: anza na tarehe ya mwezi

Ukipata nafasi ya kushinda kutwa kwenye jahazi la mafunzo, ushike kamba mwenyewe badala ya kukaa kama mzigo, usiikatae. Ila jiandae. Ghuba ya Tanga ukiitazama kutoka Raskazone inaonekana imelala, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Jaketi okozi livae ungali nchi kavu, ulifunge, kisha mwambie mwenzako alivute mabegani. Likipanda hadi masikioni si lako, omba jingine. Kujua kuogelea si hoja. Simu itie kwenye plastiki. Kofia iwe na kamba. Pete na bangili ziache nyumbani, na kamba ya demani, ile inayoshikilia tanga, usiizungushe kiganjani hata kama imekuchosha, maana upepo ukijaa ghafla itaondoka na vidole.

Tumbo tupu halisaidii, na tumbo lililojaa maharage ya nazi ndiyo balaa. Kula mhogo au mkate, kunywa chai ya tangawizi, basi. Kama unajijua hukai na bahari, uliza dukani dawa ya kichefuchefu na uimeze kabla hujapanda. Ukizidiwa, tapikia upande wa demani, kule upepo unakokwenda. Ukitapikia joshini, kule upepo unakotoka, utawapaka wenzako, na hakuna atakayekusahau.

Akina dada, buibui na kamba havipatani. Vaa suruali pana, mtandio uufunge nyuma, na muulizeni nahodha habari ya choo mapema, bila haya. Kwenye majahazi mengi choo ni kisanduku kilichoning'inia nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa hiyo kanga ya ziada ni lazima.

Msimu nao utazame. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, si wakati wa mwanafunzi. Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijakaza, bahari ina huruma kidogo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usome jana yake, si ule wa wiki iliyopita uliotumwa kwenye kundi.

Sasa tarehe, na hapa nisikilizeni vizuri. Watu huchagua Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi. Bahari haina Jumamosi. Tazama mwezi mwandamo ni tarehe ngapi: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, maji ni bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hiyo hushuka sana.

Kuna kundi la vijana niliokuwa nao, mwezi mpevu juu, kaskazi imetulia. Nahodha, mzee wa maneno machache, aliwaambia tangu jana: njooni mkishaswali alfajiri. Walifika Deep Sea saa moja na nusu, na chapati mkononi. Mzee akatazama maji, akatazama chapati, akanyamaza. Angewarudisha nyumbani, lakini walishalipa na mwalimu wao alibembeleza.

Bamvua hapa kwetu hujaa mnamo saa kumi, kumi na moja alfajiri, na kupwa saa nne, saa tano asubuhi. Hayapwi sawasawa: katika saa sita hizo, nusu ya maji yote huondoka ndani ya saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupwa. Hizo ndizo walizozitumia kunywa chai. Kuelekea kisiwa cha Ulenge mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, ukagusa mchanga mara moja, mara mbili, halafu jahazi likakaa. Baada ya muda likaanza kuinama, masufuria yakaviringika, na foromali, mti unaobeba tanga, ikabidi ishushwe haraka.

Tulikaa pale mpaka saa saba. Kivuli hakuna, kwa sababu chombo kililala upande wa jua. Maji ya kunywa yalikuwa chupa moja kwa mtu, na nyingi zilikwisha kabla ya saa nne. Kijana mmoja akaona mikoko si mbali, akashuka peku. Hakufika. Alikanyaga wale wadudu weusi wa miiba mirefu, miiba ikavunjikia unyayoni. Dawa ya pwani ni utomvu wa papai bichi, na papai halioti kwenye fungu la mchanga. Alibebwa mgongoni kurudi, akilia kama mtoto, na hakuna aliyemcheka.

Kwa hiyo: mpigie nahodha mwenyewe, si aliyekuuzia nafasi, umuulize maji yanajaa saa ngapi. Saa atakayokupa ndiyo saa. Chukua maji lita tatu hata kama safari ni ya nusu siku. Viatu vya mpira vyenye kisigino kilichofungwa, si ndala. Ukitembea kwenye mchanga wenye maji, buruta miguu, samaki taa mwenye mwiba akusikie aondoke. Nyumbani usiahidi saa ya kurudi, sema jioni. Usipange usaili wala harusi siku hiyo. Dawa zako za kila siku ziwe mfukoni, si kwenye begi lililotupwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Na mkirudi, usirukie gatini kabla kamba haijafungwa.