Nakshi za Milango ya Bagamoyo Juu ya Fulana: Kupamba Nguo Nyumbani kwa Kiolezo na Rangi

Anayetaka kupamba fulana, shati la mtoto au mfuko wa kitambaa nyumbani kwake hahitaji mtambo wala meza maalumu ya kuchapia. Anahitaji kiolezo, yaani karatasi ngumu au plastiki iliyotobolewa umbo linalotakiwa, pamoja na rangi ya nguo, brashi fupi au kipande cha sponji, na pasi. Kazi hii huharibika zaidi katika sehemu mbili, ambazo ni ukataji wa kiolezo na wingi wa rangi, na hizo ndizo zitakazopewa nafasi kubwa hapa.

Kitambaa kinachofaa zaidi ni cha pamba tupu, kama vile marekani, drili au fulana ambayo lebo yake haitaji poliesta, kwa sababu nyuzi za pamba hunywa rangi na huvumilia joto kali la pasi. Nguo mpya ni lazima ifuliwe kwanza, bila dawa ya kulainishia, ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kirudi kabla ya kupakwa. Kikirudi baada ya kupakwa, picha hujikunja. Kwa sababu hiyo anayejifunza anafanya vyema kuanza na fulana ya mtumba, ambayo imekwisha kufuliwa mara nyingi na ambayo hata ikiharibika hasara yake ni ndogo.

Kuhusu picha, mkazi wa Bagamoyo hana haja ya kutafuta mbali. Katika Mji Mkongwe imo milango ya nakshi yenye mawaridi, minyororo na majani yanayofuatana kwenye fremu, na mapambo ya namna hiyo yanafaa kuwa violezo kwa kuwa hujirudia: ukikata waridi moja na pingili chache za mnyororo, unaweza kuvisogeza na kupamba pindo zima la nguo. Hata hivyo, nakshi ya mlango haifai kunakiliwa kama ilivyo. Mchongaji hutegemea kina cha mbao na kivuli chake ili petali moja itofautiane na nyingine, ilhali kiolezo kina hali mbili tu, palipotobolewa na pasipotobolewa. Kwa hiyo chora upya kwa penseli, punguza mistari, na uache nafasi isiyotobolewa kati ya petali na petali.

Nafasi hizo ndizo vishikizo, na bila hivyo kiolezo hakiwezi kusimama. Neno BAGAMOYO lina herufi nane, na tano kati yake, yaani B, A mbili na O mbili, zina uwazi uliozungukwa pande zote. Ukizikata kwa kufuata mistari yake tu, vipande vya ndani vitadondoka na O itakuwa doa la mviringo. Acha vijidaraja viwili vyembamba, juu na chini, vinavyounganisha kipande cha ndani na karatasi ya nje. Upana wa milimita tatu unatosha kwa herufi za kawaida, na ukipunguza zaidi ya hapo brashi itavikunja au kuvikata.

Karatasi ya manila iliyofunikwa selotepu pana pande zote mbili inatosha kwa nguo chache, lakini jalada la plastiki la faili ni bora kwa sababu hufutika na kutumika tena. Lilaze juu ya mchoro, libandike lisiteleze, kisha ukate kwa wembe au kisu kikali cha kukatia karatasi juu ya kipande cha kioo au kadibodi nene. Anza na matundu madogo ya katikati, ukimalizia na makubwa, kwa kuwa plastiki hulegea kadiri inavyotobolewa. Kwenye mistari iliyopinda zungusha plastiki badala ya kuzungusha mkono. Pembeni acha ukingo wa sentimita tano hivi, brashi isije ikavuka na kuchafua nguo.

Rangi iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vitambaa. Rangi ya akriliki ya wachoraji inaweza kutumika ikichanganywa na kilainishi chake cha vitambaa, yaani kimiminika cha kuchanganyia rangi na si dawa ya kulainishia nguo, kwa kawaida sehemu mbili za rangi kwa moja ya kilainishi, ama sivyo hukakamaa. Rangi ya ukutani si ya kazi hii, hata kama kopo lake limebaki nusu: hukauka kama ganda na kupasuka nguo inapokunjwa. Kwa fulana nyeusi au ya buluu iliyokolea, chagua rangi nzito isiyopenyeza, au tanguliza tabaka la nyeupe na uliache likauke.

Ingiza kadibodi ndani ya fulana ili rangi isipenye hadi mgongoni, nyosha kitambaa bila kukivuta, kisha ubandike kiolezo kwa selotepu pande zote nne. Fanya kazi hii ndani ya nyumba na si barazani, hasa msimu wa kusi, kwani upepo wa bahari huinua ukingo wa plastiki na kuleta mchanga. Chovya ncha ya brashi tu, kisha uigongegonge juu ya gazeti mpaka ionekane kama imekauka. Hapo ndipo wengi hukosa subira. Rangi ikiwa nyingi hupita chini ya kiolezo na kuvuruga kingo, na doa lake halitoki. Shika brashi wima, donoa kutoka ukingoni kuelekea katikati, wala usipake kwa kuburuta. Tabaka mbili au tatu nyembamba hushinda moja nene. Ukimaliza, inua kiolezo moja kwa moja kwenda juu, na ufute upande wake wa chini kabla ya kukiweka mahali pengine.

Ianike nguo ikiwa imelala, kivulini, kwa saa 24. Wakati wa masika hewa ya pwani huwa na unyevu mwingi, hivyo iongezewe siku moja hata kama rangi haishiki kidoleni. Baada ya hapo ifunike picha kwa kitambaa cheupe cha pamba na upige pasi kavu, isiyo na mvuke, kwa dakika tatu hadi tano, ukiisogeza bila kusimama mahali pamoja. Maelekezo ya kopo yakitaja muda mwingine, yafuate hayo. Poliesta ipigwe kwa joto la chini na kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu huyeyuka. Kwa pasi ya mkaa, ijaribu kwanza kwenye kitambaa kingine na upanguse majivu yaliyo chini yake.

Subiri siku tatu kabla ya kufua kwa mara ya kwanza. Igeuze nguo ndani nje, tumia maji baridi na sabuni ya kawaida, usiifikiche kwenye picha, na dawa ya kung'arisha nguo isiiguse kabisa.