Filta iliyolala: jinsi ya kuiwasha bila kuua tangi la matumbawe

Mwaka juzi nilikwenda Tanga msibani siku nane. Kijana niliyemwachia nyumba akazima filta ya nje, ile inayokaa kabatini chini ya tangi la samaki, eti inapiga kelele. Nilirudi Sinza usiku, nimechoka, nikachomeka plagi tu. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kijivu na yalinuka mayai viza. Asubuhi samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa walikuwa juu ya maji, wanatweta. Mmoja hakufika mchana.

Kilichoua ni yale maji yaliyofungiwa ndani. Bakteria wa kwenye filta, wanaokula amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki), wanahitaji oksijeni. Maji yakisimama inaisha, wanakufa na kuoza, na wale wasiotaka oksijeni wanatoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ile ya mayai viza. Ukiwasha, vyote vinaingia tangini kwa mkupuo. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8 na kitu, na joto letu la Dar mnalijua: hapo amonia inakuwa kali zaidi.

Umeme ukikatika nusu saa, washa tu. Filta ikilala usiku kucha, fanya hivi.

Hatua ya 1. Chomoa plagi, funga koki zote mbili, filta ipeleke uani. Usiifungulie sebuleni, utajuta. Maji yake mwaga yote.

Hatua ya 2. Sponji na vipande vya kauri visuuze kwenye ndoo ya maji uliyochota tangini. Maji ya bomba yana klorini, yatamaliza bakteria waliobaki. Mkaa wa zamani ulio ndani ya filta tupa.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Chomoa impela, kile kipangaboi kidogo kinachosukuma maji, mara nyingi utaikuta na ukoko mweupe wa chokaa. Iloweke nusu saa kwenye siki iliyochanganywa na maji, isugue kwa mswaki wa zamani, isuuze, kisha izungushe kwa kidole. Ikikwamakwama, rudia, la sivyo pampu itaungua. Halafu pitisha kidole taratibu kwenye mpira wa mfuniko. Punje moja tu ya mchanga inatosha kukulowanishia zulia. Paka grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka huvimbisha baadhi ya mipira.

Hatua ya 4. Iendeshe nusu saa, mipira yake ya maji ikiwa ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, filta yenyewe ikae nje. Angalia kama inavuja, nusa. Ikinuka, rudi hatua ya 2. Maji ya ndoo usiyarudishe tangini.

Hatua ya 5. Unganisha mipira ya maji na tangi, fungua koki, washa. Waya uning'inie chini kuliko soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Hatua ya 6. Chakula punguza nusu, pima amonia kila asubuhi kwa wiki nzima. Ikionekana hata kidogo, badilisha maji asilimia 20. Mimi huchota baharini maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto Msimbazi, na wakati wa masika napima chumvi kwanza: nataka 1.025 (uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi), mvua huishusha.

Kama una skima, kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu, ishushie kiwango cha maji siku ya kwanza. La sivyo itafurika.