Jinsi ya kupima tredi inaenda kinyume pipsi ngapi kabla hujapanga stopu losi

Wengi tukifanya bektesti (jaribio kwenye data ya zamani) ya mfumo wa foreksi (kununua na kuuza sarafu) tunaangalia vitu viwili tu, umeshinda asilimia ngapi na faida jumla ni kiasi gani, halafu stopu losi (bei ambayo tredi inafungwa yenyewe hasara isizidi) mtu anaweka pipsi 20 au 30 (pipsi ni hatua ndogo ya bei, kwenye EURUSD ni 0.0001) kwa sababu kuna mtu alisema. Mimi hilo silikubali kabisa. Namba ya stopu iko ndani ya tredi zako mwenyewe, unatakiwa uipime: tangu umeingia mpaka umetoka, bei ilienda kinyume na wewe mpaka wapi? Kwenye MetaTrader 5 (programu ya kutredi) kipimo hiki kinaitwa MAE (maximum adverse excursion) na ripoti ya testa inakuchorea grafu yake, ila ukihesabu mwenyewe kwenye Excel utaelewa zaidi.

Kwanza jaribu mfumo bila stopu au na stopu ya mbali sana, utoke kwa sheria zako zingine. Ukiacha stopu ya 20 humo ndani, tredi yoyote iliyofika 20 inakatwa hapo hapo na hutajua kama ingegeuka kwenye 23 ikakulipa. Hii ni kwenye data ya zamani tu jamani, sio akaunti yenye hela!

Sasa hesabu. Umenunua EURUSD (yuro kwa dola) kwa 1.0850, bei ikashuka mpaka 1.0828, ikapanda ukafunga 1.0895. Umeshinda pipsi 45 lakini ilikwenda kinyume pipsi 22, hiyo 22 ndiyo unaandika. Ukiwa umeuza unachukua bei ya juu kabisa utoe bei uliyoingilia, na hapa watu wanasahau spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza): chati ya MetaTrader kwa kawaida inachorwa kwa bei ya bidi (unayouzia) wakati tredi ya kuuza inafungwa kwa bei ya aski (unayonunulia), kwa hiyo chati ikionyesha pipsi 11 na spredi ilikuwa 1.2, andika 12.2.

Tumia data ya dakika moja hata kama unatredi chati ya saa moja. Mshumaa (alama ya chati inayoonyesha bei za kipindi kimoja) wa saa nzima haukwambii kama ile bei ya chini ilikuja kabla hujaingia au baada, na mshumaa wa kuingilia na wa kutokea ndio unaoharibu vipimo vingi.

Ukimaliza tenganisha tredi zilizoshinda na zilizopoteza, zipange kuanzia ndogo kwenda kubwa. Mfumo mzuri utaona zilizoshinda nyingi hazikwenda kinyume mbali, zilizopoteza zimetawanyika mpaka huko. Kama makundi yote mawili yanafanana basi stopu haitakusaidia kitu, rudi kwenye sheria za kuingia.

Halafu jaribu kila stopu kwa hesabu. Tuseme una tredi 200, 110 zimeshinda na 90 zimepoteza, unapima stopu ya 25. Zilizoshinda 10 zilivuka 25, wastani wa faida yake ni pipsi 40, sasa kila moja inageuka hasara ya 25, umepoteza 650. Zilizopoteza 70 nazo zilivuka 25, wastani wa hasara yake ulikuwa 45, sasa 25, umeokoa 1,400. Inabaki 750. Toa pipsi moja ya slipeji (kufungwa kwa bei mbaya kuliko uliyopanga) kwa kila stopu iliyoguswa, ziko 80, inabaki 670. Rudia kwa 15, 20, 30, 35 uone. Ukikuta 25 ni nzuri lakini 24 na 26 ni mbovu usiiamini, hiyo ni bahati ya data, tafuta eneo ambalo namba za jirani nazo ziko vizuri.

Kama unatredi dhahabu au pea (jozi za sarafu) nyingi usitumie pipsi tupu, gawanya kila kipimo kwa ATR (wastani wa umbali bei inaotembea kwa kila mshumaa) ya wakati unaingia, maana pipsi 25 za siku tulivu sio sawa na za siku ya habari kubwa.

Na slipeji ya pipsi moja ni ya siku za kawaida. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kulinda kiwango cha 1.20 kwenye EURCHF (yuro kwa faranga ya Uswisi), bei ikaporomoka na stopu nyingi zikafungwa mbali mno na zilipowekwa, kwa hiyo ukubwa wa loti (kiasi unachotredi) upange ukijua stopu inaweza kurukwa.

Mwisho, namba uliyopata ipeleke kwenye kipindi ambacho hukukigusa, mfano umepima 2018 mpaka 2021, jaribu 2022 na 2023. Angalia asilimia ya zilizoshinda ambazo stopu ingezikata: kama mwanzo ilikuwa 9 na sasa ni 30, hiyo stopu usiingie nayo sokoni.