Kabla ya kumvusha mgonjwa wa moyo kutoka Ukerewe kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza

Anza na usiku. Kabla hata ya nauli ya meli kutoka Nansio, muulize mgonjwa analalia mito mingapi, na kama hushtuka usiku akikosa pumzi hadi akae kitako. Daktari atalitaka jibu hilo, na ni vizuri ujue kwa nini.

Moyo ni pampu mbili zilizoungana. Ya kulia hupeleka damu mapafuni, ya kushoto huisambaza mwilini, kila moja ikisukuma takriban lita 5 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Lazima zilingane. Piga hesabu: kulia ikizidi kwa mililita 1 tu kila pigo, kwa mapigo 70 kwa dakika, saa moja ikiisha zaidi ya lita 4 zingekuwa zimekwama mapafuni, na damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5! Haitokei, kwa sababu msuli wa moyo una tabia ya mpira wa manati: ukivutwa zaidi, hurusha kwa nguvu zaidi. Damu ikizidi kuingia kushoto, chumba hutanuka, na mapigo yanayofuata huitoa ziada hiyo bila kungoja amri ya ubongo. Otto Frank wa Ujerumani aliliona hilo kwenye moyo wa chura mwaka 1895. Ernest Starling wa Uingereza akaliendeleza.

Moyo uliochoka huvutwa lakini haurushi. Kushoto kukilegea, maji hujaa mapafuni, ndiyo maana ya ile mito. Kulia kukilegea, miguu na tumbo huvimba. Bonyeza ugoko kwa kidole, uone kama kishimo kinabaki.

Wiki nzima kabla ya safari mpime uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai, uandike. Mzani wowote unafaa, mradi uwe uleule. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si ugali, wala msisubiri tarehe ya kliniki. Dagaa wa chumvi awaache.

Vidonge vibebwe na makasha yake, pamoja na barua ya rufaa, kadi ya bima na majibu ya zamani ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo. Wengi huruka dawa ya kukojoza siku ya safari kwa kuogopa choo cha meli. Nawaelewa, ila ni afadhali kumuuliza daktari mapema kama inaweza kusogezwa hadi mfike. Bugando iko mlimani: chukueni bajaji hadi getini. Na akianza kuhema huku amekaa tu, au midomo ikibadilika rangi, msipande meli. Mkimbizeni hospitali ya pale pale Nansio.