Ng'ombe Atundikwe Siku Ngapi Kabla ya Kukatwa

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Arusha, ambaye amejenga chumba cha baridi nyuma ya bucha lake na kutaka kuuza steki zinazolainika mdomoni. Ulaini huo huja kwa kutundika nyama ya ng'ombe aliyechinjwa kwenye baridi kwa siku kadhaa kabla ya kuikata.

Hatua ya 1. Maksai apumzishwe usiku kucha na apewe maji. Aliyechinjwa akiwa amehangaika hutoa nyama nyeusi inayonata, ambayo huharibika upesi. Hiyo iuzwe mapema, isitundikwe.

Hatua ya 2. Kupoza. Hapa ndipo nilipopoteza ng'ombe mzima. Niliingiza nusu mbili zikiwa bado na joto katika chumba cha nyuzijoto 1, feni ikivuma kwa nguvu, nikaamini kwamba baridi kali ndiyo usalama. Siku ya kumi na mbili sirloini (steki ya mgongoni) ilikuwa ngumu kama ndara. Misuli ikishuka chini ya nyuzijoto 10 katika saa kumi za mwanzo, kabla haijamaliza nguvu iliyobaki ndani yake, hujikunyata, na hakuna idadi ya siku itakayoilegeza sawasawa. Ng'ombe wetu wasio na mafuta mengi mgongoni huathirika zaidi, kwa kuwa hawana blanketi. Kwa hiyo anza na baridi ya wastani, kisha ishushe taratibu, lakini usizembee: ndani ya paja, karibu na mfupa, joto lifike nyuzi 7 au chini kabla ya saa 36, la sivyo nyama huoza kuanzia kwenye mfupa. Tumia kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama. Kile cha ukutani hupima hewa, na hewa hatuiuzi.

Hatua ya 3. Tundika kwenye nyuzijoto 0 hadi 4, unyevu wa hewa ukiwa takriban asilimia 85, vipande visigusane. Ulaini mwingi hupatikana katika siku 10 hadi 14. Mimi huishia siku ya kumi kwa ng'ombe wa kienyeji, maana baada ya hapo hukauka na kupoteza uzito kuliko ninavyoweza kufidia kwa bei. Nyama ya supu haihitaji haya yote. Tafadhali usifunike kwa nailoni: jasho lake huleta utelezi.

Hatua ya 4. Ondoa ganda lililokauka, kisha kata. Ikinuka uchachu, itupe.