Kabla hujambadilishia bibi kampuni ya gesi

Umeme hakuna pa kuhamia, Unguja na Pemba ni ZECO tu, shirika la umeme la Zanzibar, bibi akilalamika tokeni za Tukuza (umeme wa kulipia kabla) zinakwisha mbio tazama kwanza lile friji lake la zamani. Pa kuchagua ni kwenye gesi.

Usianze na bei, anza na nani atambebea mtungi, maana mzee anaekaa peke yake Wete hawezi kukokota mtungi wa kilo 15, sasa kama duka la jirani linauza kampuni ile ile na kijana anamletea mpaka jikoni na kumfungia, muache hapo hapo hata ikizidi shilingi kidogo. Ukihama, mtungi mtupu wa kampuni moja mara nyingi haupokelewi na nyengine, na regyuleta, kile kichwa cha kufungia mpira wa gesi juu ya mtungi, huenda isiingie, vyote hivo ni pesa.

Na muulize mwenyewe jamani kama gesi anaitaka! Wengine mkate wa kumimina, ule wa mchele, hawautaki mpaka makaa juu na chini.

Mtungi mpya ukishafungwa paka maji ya sabuni kwenye kiungo, yakitoa mapovu inavuja. Gesi hii nzito kuliko hewa, inatulia chini, kwahiyo ikivuja funga mtungi, fungua milango na usiguse swichi ya taa.